Jina Nililokiandikia Kioo cha Kijani

Mtu ninayemwandika hapa bado yu hai. Nikimwona katika soko la Majengo huwa navuka upande wa pili, si kwa woga, ila kwa sababu miguu yangu haijakubali bado kusimama naye. Akisoma haya atajijua. Sijaandika ili anisamehe. Kuna watu wengine niliowakosea zaidi yake, na hao hata jina langu hawakuwahi kulijua.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na vidole vyepesi. Kwa vitu hivyo viwili niliajiriwa mpiga chapa katika ofisi iliyosimamia uchimbaji wa visima mkoa wa Dodoma. Nilitoka Zuzu kila asubuhi kwa baiskeli, nikifika suruali imegeuka rangi ya vumbi, najikung'uta nje kabla ya kuingia. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa sabuni tena, na serikali nayo ikaanza kupunguza watu. Barua zenyewe zilikuwa zinabadilika. Mtu niliyemwandikia "Ndugu" mwaka uliopita, mwaka huo alitaka "Bwana", na mimi ndiye niliyefuta na kuandika upya.

Kisha wafadhili wakatuletea kompyuta. Ilikuwa mashine moja kubwa, ikawekwa katika chumba pekee chenye kiyoyozi, na kutoka kwake nyaya zilikwenda kwenye meza tano. Kila meza ilikuwa na kibodi na skrini, ambayo sisi tuliiita kioo. Vioo vinne vilionyesha herufi za kijani tu juu ya weusi. Cha tano, cha mkuu wa ofisi, kilikuwa na rangi zote.

Mtaalamu aliyekuja na mashine ile, mgeni mrefu aliyependa karanga, alitufundisha watu wawili. Wa kwanza alikuwa huyo ninayemsema, fundi sanifu mwenye diploma, ambaye kila asubuhi alikaa kwenye redio ya upepo na kuwaambia wachimbaji walioko porini wachimbe wapi. Wa pili nilikuwa mimi. Nadhani mimi nilichukuliwa kwa sababu tu nilijua kupiga chapa bila kutazama vidole. Tulikuwa marafiki wakati huo. Mchana tulikula ugali na mlenda kwa mama ntilie nyuma ya ofisi, sahani mbili, bakuli moja la mlenda.

Lazima nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo kosa langu halieleweki.

Kila kijiji kilichoomba kisima kilipimwa kwanza. Wapimaji walichomeka vigingi vitatu au vinne, na kwa kila kigingi waliandika maji yako kina gani na kama yana chumvi. Nchi yetu ina maji ya chumvi mengi kuliko watu wanavyofikiri. Unaweza kuchimba hapa ukapata maji matamu, ukasogea hatua mia mbili ukapata magadi. Mkuu alitaka orodha ya vigingi itoke kwenye mashine, na vya chumvi viwe vyekundu. Nikaiandika. Kwenye kioo chake ilipendeza, akaita watu waje waone.

Nilipoifungua kwenye kioo cha kijani, wekundu haukuonekana. Kigingi cha chumvi kilikaa pale katikati ya vingine, kijani kama vingine. Hakukuwa na alama yoyote ya kumwonya mtu. Mtaalamu alicheka akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba nilikuwa nimedhani vioo vya watu wote ni kama cha bosi. Programu lazima iulize kwanza.

Lakini haiulizi kioo. Hilo lilinichukua muda kulielewa. Mashine haioni kioo. Inapeleka herufi kwenye waya, na kilichoko upande wa pili haikijui. Kwa hiyo kulikuwa na faili dogo, mstari mmoja kwa kila kioo, na kwenye mstari huo mtu ameandika jina la aina ya kioo hicho. Programu inasoma jina, inakwenda kwenye orodha ndefu ya aina zote za vioo duniani, inatazama kama aina hiyo ina rangi au haina. Ina maana kwamba kila kitu kilitegemea ukweli wa yule aliyeandika jina.

Nilitumia miezi mitatu. Mwisho programu yangu iliweza kusoma jina na kuamua yenyewe: kioo kikiwa na rangi, kigingi cha chumvi kiwe chekundu, kisipokuwa na rangi, kiwekewe nyota mbele ya namba. Sikuweka kipimo chenyewe cha chumvi kwenye orodha, maana mkuu alitaka orodha fupi, na mimi nilitaka sifa. Hilo nalo ni kosa langu. Baada ya hapo ofisi ikawa na kanuni: vigingi vipangwe kwa kina, chenye maji ya karibu kiwe juu, na msoma redio achukue kigingi cha kwanza kutoka juu kisicho na nyota. Hakuna aliyefungua tena makabrasha ya masjala.

Siku nilipomaliza, mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa rafiki yangu. Nilimchapia karatasi zote, nikamweleza mstari kwa mstari. Hakuiba mezani kwangu. Nilimpa kwa mikono yangu.

Mtaalamu akarudi kwao. Baada ya majuma machache wakaja wageni kutoka Dar es Salaam kukagua mradi. Nilivaa shati la sikukuu. Rafiki yangu alisimama mbele ya kioo cha mkuu, akawaonyesha wekundu, halafu akawapeleka kwenye kioo cha kijani akawaonyesha nyota. Mgeni mmoja akauliza kioo kimejuaje. Akajibu kwamba amekiandikia utaratibu wa kujitambua, umemchukua miezi mitatu. Alitumia miezi yangu, idadi ile ile. Mgeni akanitazama mimi niliyekuwa karibu, akauliza na huyu je.

"Huyu ni mpiga chapa wetu," alisema. "Anatusaidia kuingiza namba. Mpiga chapa, hebu tuletee soda za wageni."

Nikazileta. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, mbele ya mkuu, na mkuu alijua nani alikuwa akikaa na mtaalamu hadi saa kumi jioni. Sikusema. Nilifungua soda nane kwa kifungulio kimoja, moja baada ya nyingine, na nilipofika ya nane nilikuwa nimeshaamua kwamba ataipata.

Yeye ndiye aliyepelekwa kozi ya miezi sita nje ya nchi, nafasi ambayo mtaalamu aliniambia ni yangu. Alirudi na cheo na mkoba wa ngozi. Mchana hakula tena kwa mama ntilie. Na alipopita mezani kwangu alikuwa na mzaha ambao hakuuchoka: alikuwa akigonga meza kwa vidole viwili, kama anapiga chapa vibaya, watu wanacheka. Mimi pia nilicheka, na jioni nikiendesha baiskeli kuelekea Zuzu nilikuwa nikimwambia peke yangu, njia nzima, maneno ambayo sitayaandika.

Kisha ikasikika kwamba orodha ya kupunguzwa inakuja na kwetu pia. Watu wawili wa mashine walionekana wengi. Mmoja angebaki. Mimi nilikuwa na watoto wanne na kidato cha nne, yeye diploma na kozi ya nje. Hakuna aliyehitaji kuambiwa nani angeondoka.

Nilifanya siku ya Ijumaa mchana. Nusu ya ofisi walikuwa wamekwenda msikitini, nusu wamekwenda kula. Nikafungua lile faili dogo, nikaenda kwenye mstari wa kioo chake, ambacho kilikuwa cha kijani, nikafuta jina la aina yake na kuandika jina la aina ya kioo cha mkuu. Basi. Sikugusa kitu kingine. Kuanzia hapo mashine iliamini kwamba mezani kwake kuna kioo cha rangi, kwa hiyo ingempelekea wekundu, na kioo chake kisingeweza kuuonyesha, na nyota isingewekwa kwa sababu programu iliona haihitajiki. Kama kazi ni yake, nilijisemea, basi atajua imeharibika wapi.

Sikutazama ni kijiji gani kingesomwa Jumatatu. Nilijizuia nisitazame. Ningetazama ningekuwa nimechagua watu, na mimi nilitaka nimchague yeye tu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwenye redio. Alisoma kijiji kimoja, upande wa Mlali, kigingi namba mbili, cha kwanza kutoka juu. Akarudia, namba mbili, kwa ile sauti yake ya kozi. Nikainuka, nikaenda kwenye kioo cha mkuu kwa kisingizio cha kufuta vumbi, nikafungua orodha. Namba mbili ilikuwa nyekundu kama pilipili. Nasema kweli, nilifurahi. Furaha hiyo naikumbuka hadi leo vizuri kuliko ya harusi yangu. Saa nane nikarudisha jina la zamani kwenye faili, nyota zikarudi mahali pake, kukawa kama hakuna aliyepita.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Miaka yote, msimamizi wa mtambo wetu wa kuchimba alikuwa mzee mmoja mkali, na maji yakitoka yeye ndiye aliyekinga kiganja akaonja kwanza. Yakiwa ya chumvi alizima mtambo na kuingia kwenye redio kututukana, ofisi nzima inasikia. Siku moja alituuliza kama tumemtuma achimbe bahari. Nilitarajia atukane hivyo tena. Fundi aaibike asubuhi moja, mkuu asikie, mtambo usogezwe kwenye kigingi kingine, na orodha ya kupunguzwa ikija ikute aibu hiyo bado mbichi.

Lakini mzee huyo hakuwepo tena. Alikuwa ameondolewa katika kundi la kwanza la kupunguzwa, na mtambo ulikuwa umekabidhiwa mkandarasi aliyelipwa kwa mita alizochimba. Watu wa mkandarasi hawakuonja maji. Hawakuwa na sababu. Nami nililijua hilo, kwa sababu barua ya kumwondoa mzee yule niliipiga mimi kwa mikono hii. Nililijua lakini sikulikumbuka. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye uso wa mtu mmoja.

Redio ikaleta habari kwamba kisima kimekamilika, maji ni mengi, pampu ya mkono imefungwa. Zikapita wiki mbili kabla ya kufunguliwa. Katika wiki hizo mbili ningeweza kusema siku yoyote. Ningeweza hata kusema uongo, kwamba nimeona kwenye makabrasha. Sikusema.

Tulikwenda kwenye ufunguzi watatu, mkuu, yeye, na mimi wa kuandika kumbukumbu. Wanakijiji walikuwa wamebeba mawe na mchanga wenyewe, wakajenga uzio wa miiba kuzuia ng'ombe, wakasakafia chini na kutengeneza kijifereji. Palikuwa na ngoma, na mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mama mmoja wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kuita mifugo. Kwao ilikuwa desturi kwamba kikombe cha kwanza hunywa mtu aliyechagua mahali. Akauliza ni nani. Mkuu akamwonyesha.

Mama akasukuma pampu, akajaza kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili.

Nilisogea nipate kuona vizuri. Nililitazama koo lake. Funda la kwanza lilikwenda, halafu nikaona macho yake yakisimama, na mkono ukasita. Watu mia wanamtazama, ngoma imenyamaza. Akanywa yote. Akarudisha kikombe, akasema ahsante. Nilijiuma ulimi nisicheke.

Kisha mama akajijazia chake, akanywa, akatema.

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu naye akaonja kidogo akasema haya ni ya ng'ombe. Mwenzake akamwambia hata ng'ombe atayakataa, labda umfumbe macho. Watu wachache wakacheka, halafu kicheko kikafa chenyewe. Mama alikuwa bado anamtazama fundi.

"Bwana mkubwa, umekunywa ukanyamaza," alimwambia. "Ulitaka tunywe wote ndipo useme?"

Mkuu alisema maneno marefu kuhusu uchunguzi. Mbuzi hatukumla, na hakuna aliyetubembeleza tumle. Tulipogeuza gari niliwaona wanawake wakichukua ndoo zao, wakashika njia ya korongo, ambako kiangazi walichimba mchanga kwa mikono na kusubiri maji yajikusanye kidogo kidogo. Niliona hivyo nikiwa bado na ladha ya ushindi mdomoni. Iliniondoka tukiwa bado hatujafika barabara ya Kongwa.

Kesho yake mkuu alimwita, akafungua orodha kwenye kioo kile kile cha kijani. Nyota ilikuwa mbele ya namba mbili, inaonekana waziwazi. Akamuuliza kama ni kipofu. Yeye akaapa kwamba siku ile nyota haikuwepo. Mkuu akamwambia, kwa kuwa programu ni yako, nieleze basi nyota inawezaje kutokuwepo siku moja na kuwepo siku nyingine. Akampa hadi Ijumaa.

Alikuja mezani kwangu Jumatano. Hakugonga meza. Alivuta kiti akakaa.

"Kaka," alisema, "nisaidie. Sijui inavyofanya kazi."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu siku ya soda. Niliendelea kupiga chapa mpaka mwisho wa mstari.

"Si wewe uliyeiandika?" nikamwambia.

"Unajua nani aliiandika."

"Mimi mpiga chapa. Naingiza namba."

Alisogeza kiti karibu. Halafu akasema kwamba kwake kuna mama yake mgonjwa, na kwamba angemweleza mkuu ukweli wote kuhusu kazi ile, mbele yangu, kama ningemwonyesha tu kosa liko wapi. Alikuwa ananipa nilichotaka. Kama ningekipokea, ningelazimika kumwonyesha faili, na kwenye faili ilikuwa imeandikwa siku na saa lilipoguswa mara ya mwisho. Nikamwambia nina barua za kumaliza.

Ijumaa hakuwa na maelezo. Orodha ya kupunguzwa ilipokuja jina lake lilikuwemo. Barua yake pia niliipiga mimi, polepole, bila kosa hata moja, na nilimwandikia "Ndugu".

Nilibaki kazini hadi nilipostaafu. Nimesomesha watoto kwa kazi ile. Watu wakinisifu kwamba nilijifunza kompyuta mapema, huwa nakubali sifa.

Juu yake yeye sijabadilika sana. Nimejaribu kuwa na huruma na nimeshindwa. Kila nikianza, nasikia vile vidole viwili mezani. Labda nitakufa hivyo. Lakini kuna siku moja baada ya hapo, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Ilikuwa miezi kadhaa baadaye, kiangazi kikali. Yule mama mwenyekiti alikuja ofisini mwenyewe, amelala njiani siku moja kwa kukosa lori. Alikuwa amebeba dumu la maji ya kisima chetu, akaliweka sakafuni kando ya meza yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika. Alisema ameambiwa mimi ndiye mwenye mashine. Akataka nifungue, nimtazamie kama kijijini kwao kuna mahali pengine.

Nikafungua. Kulikuwa na vigingi vinne. Viwili vilikuwa na nyota. Namba mbili kilikuwa juu kabisa, kina nyota. Chini yake kulikuwa na namba tatu, hakikuwa na nyota, na kina chake kilizidi cha namba mbili kwa mita chache tu. Kama nyota zingekuwepo Jumatatu ile, namba tatu ndicho kigingi ambacho fundi angekisoma.

Nikamwandikia namba hiyo kwenye karatasi. Nikamweleza kwamba mtambo sasa uko mkoa mwingine, itabidi waombe upya, foleni ni ndefu. Alikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga. Halafu akaniuliza kwa nini hawakuchimba hapo tangu mwanzo.

Nikamwambia yule aliyekosea ameshafukuzwa.

"Mwanangu," alisema, "sikuja kutafuta mtu wa kufukuzwa. Nimekuja kutafuta maji. Nimekuuliza kwa nini hawakuchimba hapo."

"Sijui, mama," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Sidhani alijua, nadhani alikuwa amechoka tu. Aliinuka, akaniachia dumu lake pale pale, akaniambia nimpe mkubwa wangu aonje. Kisima cha pili walichimbiwa mwaka wa tatu baada ya hapo. Viangazi vyote vya katikati walirudi korongoni.

Nilimsindikiza mpaka getini, nikarudi. Karani wa masjala akaniuliza yule mama alikuwa na shida gani. Nikamwambia alikuwa anamtafuta yule fundi aliyefukuzwa.